Mwanangu ameporomoka darasani tangu apate marafiki wapya: je, nimhamishe shule?

"Mwanangu wa kiume ana miaka 15. Hadi mwaka jana alikuwa miongoni mwa watano wa kwanza darasani. Mwaka huu walipangwa upya, akapelekwa mkondo mwingine, na huko ameshikamana na wavulana watatu wasiopenda shule. Hesabu amepata 41, wakati mwaka jana alipata 78. Mwalimu wa darasa ananiambia kuwa mwezi huu ametoroka kipindi cha mwisho mara nne. Nyumbani amekuwa mkali, na nikiwataja tu wavulana hao anaingia chumbani na kufunga mlango. Nimemkataza kuongea nao na nimemnyang'anya simu. Baba yake anasema tumhamishe shule, kwa sababu samaki mmoja akioza, wote wameoza. Je, nimechelewa? Nifanye nini?"

Mama, pole kwa mzigo huu, na ahsante kwa kueleza kwa undani, kwa maana mambo mawili uliyoyataja kwa kupita tu, yaani kupangwa upya kwa madarasa na kile kipindi cha mwisho, yananieleza mengi kuliko hizo alama.

Katika barua yako kuna maswali mawili yaliyofungwa pamoja. La kwanza ni kama wavulana hao ndio waliomwangusha mwanao. La pili ni kama kumtenga nao, kwa amri au kwa uhamisho, kutamrudisha alipokuwa. Wazazi wengi huyajibu yote mawili kwa pumzi moja, ndiyo na ndiyo. Mimi, baada ya miaka mingi ya kukaa na wanafunzi katika chumba cha ushauri nasaha, hulijibu la kwanza "kwa sehemu" na la pili "mara chache". Na hapana, hujachelewa.

Tuanze na yule samaki. Methali hiyo ina ukweli wake, ila samaki hakuchagua tenga alilotiwa, wala hana haja yoyote na samaki aliyelala ubavuni pake. Kijana huchagua, naye huchaguliwa. Mwaka 1978 mtafiti wa Marekani, Denise Kandel, alichapisha uchambuzi wa jozi za marafiki wa sekondari waliofuatiliwa kwa mwaka mzima wa masomo, akaona kwamba kufanana kwa marafiki kunatoka pande mbili zenye uzito unaokaribiana: waliofanana tangu awali ndio waliovutana, na waliokwisha kuvutana wakazidi kufanana kadiri walivyokaa pamoja. Wahenga waliotuachia methali ya samaki ndio hao hao waliosema ndege wa rangi moja huruka pamoja, na methali hiyo inaanza na kufanana, kuambukizana hakutajwi.

Basi mwanao alifanana na wavulana hao kwa lipi? Si kwa uvivu, maana alama za mwaka jana zinakataa. Ninachokisia, na ninakuomba ukichunguze badala ya kukichukua kama hukumu, ni kwamba alifanana nao kwa kukosa mahali. Alipobadilishiwa mkondo aliwapoteza kwa siku moja wenzake wa dawati, wale aliokuwa akilinganisha nao majibu kabla mwalimu hajaingia, kisha akaingizwa katika chumba ambamo watu walikuwa wameshajuana. Mtoto aliye katika hali hiyo hatafuti rafiki mwema. Anatafuta mtu wa kusimama naye wakati wa mapumziko, kwa sababu dakika 20 ni ndefu mno kwa mtu aliyesimama peke yake huku wengine wote wamo katika vikundi. Na vikundi vinavyompokea mgeni upesi bila kumuuliza maswali mengi mara nyingi ni vile ambavyo havina sifa ya kulinda mbele ya walimu. Kwa hiyo, kabla hujawaona wavulana hao kuwa wezi wa mwanao, kumbuka kwamba huenda ndio watu pekee waliomfungulia mlango mwezi ule wa kwanza. Yeye analikumbuka hilo, na ndiyo sababu anaufunga wa kwake unapowataja.

Sasa niseme namna urafiki wa aina hiyo unavyofanya kazi yake, kwa sababu hapa ndipo wazazi wengi hukosea. Tukisikia maneno "shinikizo la rika" tunawaza mvulana mkubwa anayemsukuma mwingine ukutani na kumlazimisha kuvuta sigara. Hayo hutokea, lakini si kwa wingi. Katika utafiti uliochapishwa miaka ya 1990, mtafiti Thomas Dishion na wenzake, katika jimbo la Oregon nchini Marekani, waliwarekodi kwa video wavulana wa umri wa miaka 13 na 14 wakizungumza na marafiki zao, kisha wakahesabu jambo dogo sana: ni maneno gani yaliyochekewa. Jozi nyingi zilichekea vituko vya kawaida. Katika jozi nyingine, kilichochekewa kilikuwa habari ya kuvunja kanuni, na mazungumzo ya kawaida yalipita kimya kimya. Wavulana wa jozi hizo ndio walioongezeka zaidi katika uvunjaji wa kanuni na matumizi ya vilevi katika miaka iliyofuata. Hapakuwa na amri wala kitisho. Kicheko ndicho kilichokuwa kikifundisha, na mwanafunzi alijifunza upesi ni hadithi zipi za kuleta kesho.

Namkumbuka msichana mmoja aliyeletwa kwangu kwa sababu alama zake za hesabu zilikuwa zimeporomoka kama za mwanao. Nilimwomba alete daftari lake. Kurasa za mbele zilikuwa na maswali mawili matatu yaliyoachwa katikati, na wino mwekundu wa mwalimu. Nilipofungua kurasa za nyuma niliona karatasi imechakaa, imekuwa laini kama kitambaa, nami nikaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Kulikuwa na mistari ya penseli iliyofutwa. Maswali yote alikuwa ameyakokotoa, hatua kwa hatua, hadi jibu la mwisho, na mengi yalikuwa sahihi, kisha akayafuta kabla mwenzake wa dawati hajageuka. Katika kundi lake aliyemaliza mapema aliitwa "mtoto wa mwalimu". Hakuna aliyemkataza kusoma. Walikuwa wanacheka tu.

Ndiyo maana ninakusihi usidhani kwamba akili ya mwanao imepotea pamoja na zile alama 37. Alama hupima kile ambacho mtoto amekubali kukionyesha, na mtoto wa miaka 15 hukionyesha huku akiwatazama walio pembeni. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2005, Margo Gardner na Laurence Steinberg waliwapa watu mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta, ambamo kila unapoendelea baada ya taa kubadilika unapata pointi zaidi lakini unaweza kugonga ukuta. Wa umri wa miaka 13 hadi 16 waliocheza mbele ya wenzao wawili walihatarisha takriban mara mbili ya wale wa rika lao waliocheza peke yao, ilhali kwa watu wazima kuwapo kwa wenzao hakukubadilisha kitu. Katika umri huu sehemu za ubongo zinazohisi utamu wa kukubaliwa zimeshaamka kabisa, na zile za kupima matokeo na kujizuia bado zinaendelea kukomaa, kazi ambayo haiishi hadi miaka ya ishirini na kitu. Mwanao akiwa na wewe jikoni ni mtu mmoja. Akiwa nyuma ya darasa na wale watatu ni mtu mwingine, na wote wawili ni yeye wa kweli. Usimwite mnafiki.

Hata hivyo, si kila unachokiona kinatoka kwa marafiki. Kufunga mlango na kujibu kwa mkato ni mambo ambayo vijana wengi wa miaka 15 hufanya hata wakiwa na marafiki wa mfano. Kuanguka katika somo moja zaidi ya mengine kunaweza kuwa na sababu nyingine kabisa: mwalimu mpya, mada aliyoikosa, macho yasiyoona ubao kutoka dawati la nyuma, usingizi usiotosha, au mtu anayemwonea. Kwa hiyo, jambo la kwanza ninalokuomba ufanye, kabla ya uhamisho na kabla ya kikao chochote cha familia, ni dogo: mwombe mwalimu wa darasa akuonyeshe ratiba, na uangalie siku zile nne kipindi cha mwisho kilikuwa somo gani. Ikiwa zote nne zilikuwa hesabu, hapo tunazungumza juu ya mtoto anayekimbia aibu ya somo lililomshinda, na marafiki ni wasindikizaji tu. Ikiwa yalikuwa masomo tofauti, uliza wale watatu walikuwa wapi saa hizo. Ikiwa wao walikuwa darasani na yeye hayupo, basi kuna jambo ambalo hata wao hawalijui, na hilo lingenitia wasiwasi kuliko utoro wa kundi zima.

Nigeukie upande wa pili, kwa sababu barua yako imejaa hofu ya urafiki mbaya na haisemi lolote juu ya urafiki mwema, kana kwamba kumwondoa mtoto kwa wabaya ni sawa na kumpa wema. Si sawa. Mtoto asiye na rafiki hata mmoja shuleni yuko mahali pa hatari pia. Mwaka 2011 watafiti wa Montreal, Kanada, walichapisha uchunguzi wa watoto wa madarasa ya juu ya shule ya msingi ambao kwa siku kadhaa waliandika mambo yaliyowapata na kutoa sampuli za mate, ili homoni ya msongo iitwayo kotisoli ipimwe. Jambo baya lilipotokea mtoto akiwa peke yake, homoni hiyo ilipanda na jinsi alivyojithamini ikashuka. Jambo baya lilipotokea rafiki yake wa karibu akiwapo, pigo halikumwingia kwa kiasi hicho. Rafiki huyo hakuhitaji kutoa hotuba, alikuwapo tu. Mtoto ambaye mwili wake haumo katika tahadhari siku nzima ndiye anayebakiwa na nafasi ya kumsikiliza mwalimu.

Na urafiki mwema si lazima uwe na mwenye alama za juu. Nimewaona wanafunzi bora wakivunjana mioyo kwa dharau, wakifichana madaftari, wakiibiana majibu chini ya dawati, na wazazi wao wakiwasifu kwa "kuchagua marafiki wazuri". Mimi huangalia mambo mengine. Je, mtoto anaweza kumwambia rafiki huyo "sitaki" na kesho wakasalimiana kama kawaida? Akifaulu, mwenzake hufurahi au humtafutia jina la kejeli? Akirudi nyumbani kutoka kwake, amechangamka au amechoka kama mtu aliyekuwa jukwaani? Rafiki wa alama 50 anayepita majaribio hayo ana faida kuliko wa alama 90 asiyeyapita.

Kinachonipa moyo ni kwamba huhitaji kumpatia marafiki kumi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mwanasaikolojia Solomon Asch aliwaweka wanafunzi wa chuo, mmoja mmoja, katika chumba pamoja na watu waliopangwa kimbele watoe jibu lisilo sahihi juu ya urefu wa mistari, jambo ambalo mtu yeyote angeliona kwa macho. Karibu theluthi moja ya majibu ya wanafunzi hao yaliufuata uongo wa wengi. Lakini alipokuwapo mtu mmoja tu aliyesema ukweli, kuufuata uongo huo kulipungua sana. Mmoja tu. Fikiria basi maana yake kwa mwanao: mwenzake mmoja kati ya wale wa mkondo wa zamani, ambaye bado wanasalimiana, akiwa naye jioni mbili kwa wiki, anaweza kumpa ujasiri ambao hotuba zako hamsini hazitaupata.

Sasa nizipime njia mlizo nazo. Marufuku umeshaijaribu, na mwenyewe umeona matokeo yake. Uchunguzi uliofanyika Uholanzi na kuchapishwa mwaka 2012 chini ya uongozi wa Loes Keijsers ulionyesha kwamba vijana waliokatazwa marafiki na wazazi wao waliishia kuwa na mawasiliano zaidi na wenzao wenye mwenendo mbaya. Sababu si ngumu kuielewa: mzazi anapomkataza rafiki, kila dakika na rafiki huyo inageuka kuwa siri, na watu wanaoshiriki siri hushikamana. Zaidi ya hayo, anaketi nao darasa moja saa saba kwa siku, kwa hiyo umetoa amri usiyoweza kuisimamia, na mtoto anajifunza kwamba amri zako hazina meno. Simu uliyoinyang'anya inaweza pia kuwa imekata uzi uliokuwa ukimuunganisha na wenzake wa zamani. Ningemrudishia, kwa masharti ya saa na ya kulala ikiwa nje ya chumba, jambo ambalo lina manufaa bila kujali marafiki ni nani.

Uhamisho sitaukataa moja kwa moja, kwa kuwa nimeona mara chache ukiokoa. Lakini angalia tulikotoka: ikiwa makisio yangu ni sahihi, matatizo yalianza pale alipong'olewa kutoka kwa watu waliomjua. Kumhamisha ni kumng'oa mara ya pili, safari hii na sifa ya mtoto aliyeshindikana mgongoni, na kumsimamisha tena peke yake wakati wa mapumziko katika uwanja asioujua. Atampata nani kwanza? Mwambie baba yake kwamba wasiwasi wake ni wa haki, na umwombe muhula mmoja. Kabla ya hapo iulizeni shule jambo la bei nafuu zaidi: je, anaweza kurudishwa mkondo wa zamani, au angalau kubadilishiwa dawati na kuwekwa katika kikundi cha kazi pamoja na mmoja wa wenzake wa awali? Walimu hupenda kuombwa jambo dogo na mahususi kuliko kuombwa "wamsaidie mtoto".

Kutofanya lolote na kungoja apevuke siyo njia ninayoishauri, kwa sababu utoro hukua. Tofauti ya marufuku na mipaka ni kwamba mipaka inamhusu yeye na saa zake, wakati marufuku inawahusu watu anaowapenda. Unaweza kusema: kipindi cha mwisho utahudhuria, mwalimu ataniambia kila Ijumaa, baada ya masomo nitajua uko wapi na utarudi saa fulani, nyumba isiyo na mtu mzima hutaenda. Hayo yanasimamika, kwani mambo mengi mabaya ya umri huu hutokea katika saa zile chache kati ya kutoka shuleni na wazazi kurudi kutoka kazini. Na wale wavulana watatu, waalike. Najua utashtuka. Waalike siku moja, wakae sebuleni, uwaulize majina yao na wanachokipenda. Mara nyingi utakuta mmoja wao ni mtoto mpole aliye katika hali ile ile ya mwanao, na yule wa kuangaliwa ni mmoja tu. Utakapomjua, mazungumzo yenu yataacha kuwa "hao marafiki zako" na kuwa juu ya mtu mmoja na tendo moja.

Kuhusu mazungumzo yenyewe, usianze na marafiki wala alama. Mngoje mkiwa mnafanya kazi pamoja, macho yenu yakiwa kwenye kitu kingine, umuulize: "Mwezi ule wa kwanza mlipobadilishiwa madarasa, ulikuwa unakaa na nani wakati wa mapumziko?" Kisha unyamaze. Ukimya huo utakuuma, utatamani kuujaza na nasaha, usiujaze. Akisema "hakuna", umepata jibu la nusu ya barua yako. Na akikwambia jambo la kukutisha, ahirisha adhabu hadi kesho yake, kwa sababu sehemu kubwa ya tunayoyajua juu ya watoto wetu tunayajua kwa kuwa wao walichagua kutuambia, na mtoto aliyeadhibiwa papo hapo kwa ukweli aliousema hatarudia kuusema.

Kuna hali ambazo ushauri wangu wote wa subira unakoma, na inabidi umwone mtu ana kwa ana wiki hiyo hiyo. Ukiona dalili za dawa za kulevya au pombe; ukikuta silaha, au pesa na vitu visivyo na maelezo; ikiwa katika kundi hilo yumo mtu mzima au kijana aliyewazidi umri sana; ikiwa anadaiwa pesa, anatishwa au anapigwa; ikiwa kuna picha au mambo ya ngono anayolazimishwa, hapo kumtenga na kundi ni wajibu, hata akikuchukia, na mamlaka za ulinzi wa mtoto zihusishwe. Vivyo hivyo, akiacha kula au kulala kwa zaidi ya majuma mawili, akijitenga hata na wale watatu, akijikata, au akisema kwamba afadhali asingekuwapo, mpeleke kwa daktari au mwanasaikolojia siku hiyo hiyo, na usimwache peke yake. Maneno hayo usiyachukue kuwa ni ya kukutisha ili umrudishie simu.

Ikiwa hakuna hata moja kati ya hayo, basi weka miadi na mwalimu wa darasa na mnasihi wa shule wiki hii, nenda na baba yake ikiwezekana, na mwanao awepo katika nusu ya pili ya kikao ili asijadiliwe kama mzigo. Mwisho wa muhula msitazame alama kwanza, kwa kuwa alama hurudi kwa kuchelewa. Tazameni kama kipindi cha mwisho amekihudhuria, kama kuna jina jipya au la zamani analolitaja mezani, na kama daftari la hesabu limeanza kuandikwa kwenye kurasa za mbele. Yakiwapo mawili kati ya hayo matatu, mwacheni alipo. Yasipokuwapo hata moja, hapo mazungumzo ya baba yake juu ya shule nyingine yatakuwa na msingi, nami nitakuwa tayari kukueleza namna ya kumhamisha bila kumwacha tena peke yake siku ya kwanza.